Kwa nini springi ya kuinua gari sentimita 5 humpa mmoja sentimita 9 na mwingine sentimita 1?

Chukua magari matatu ya 4x4 yanayofanana kama mapacha: modeli moja, mwaka mmoja, injini moja. Yote yafunge nyuma springi za koili za aina moja, boksi limeandikwa "huinua sentimita 5". La kwanza linatoka gereji limebinua makalio kama bata anayetafuta chakula majini. Limepanda sentimita 9. La pili limepanda 5 kamili. La tatu limepanda 1 tu, na mwenyewe ameshaanza kugombana na fundi kwamba kauziwa springi feki.

Springi si feki, na fundi hajakosea. Tofauti iko kwenye mizigo. La kwanza halina kitu nyuma zaidi ya spea na jeki. La pili limebeba sanduku la zana, friji na maji. La tatu lina hayo yote, halafu lina bampa la chuma la nyuma, tangi la pili la mafuta na hema juu ya keria. Springi haijui sentimita. Inajua kilo tu, na sentimita ni matokeo.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Ugumu wa springi ni uzito unaotakiwa kuiminya milimita moja. Tuseme springi ya kiwandani ina ugumu wa kilo 2 kwa milimita, na ikiwa imelala sakafuni haijabeba kitu ina urefu wa milimita 450. Gari likiwa tupu, kila springi ya nyuma inabeba kilo 400. Gawa kwa 2: inaminywa milimita 200, inabaki na 250. Hicho ndicho kimo cha kiwandani, na ndicho ambacho maandishi ya kwenye boksi hujilinganisha nacho.

Springi mpya ina ugumu wa kilo 2.5 na urefu wa milimita 500. Chini ya kilo 400 za gari la kwanza inaminywa 160, inabaki 340: zidio la milimita 90. Chini ya kilo 500 za gari la pili inaminywa 200, inabaki 300: zidio la 50, kama boksi lilivyoahidi. Chini ya kilo 600 za gari la tatu inaminywa 240, inabaki 260: zidio la 10. (Nimechukulia ekseli ya kipande kimoja, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, springi ikiwa karibu na gurudumu. Magari ya mbele huru, ambayo kila gurudumu la mbele hujitegemea, tutayafikia.)

Yule mgomvi wa tatu angekumbuka hali aliyokuja nayo, angenyamaza. Kwa kilo 600, springi zake za zamani zilikuwa zimebaki na milimita 150, yaani gari lilikuwa limekaa sentimita 10 chini ya kimo chake. Kapandishwa sentimita 11. Kumi zimelipa deni, moja ndiyo faida.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "hii inainua kiasi gani?" bali "hii imetengenezewa kilo ngapi?" Watengenezaji makini huligawa soko lao hivyo: springi ya gari tupu, ya mzigo wa kudumu wa kilo 200, ya kilo 400, na kuendelea. Lizingatie neno "kudumu". Mzigo wa kudumu ni ule unaolala kwenye gari: bampa, winchi, betri ya pili, droo za nyuma. Mzigo wa safari mbili kwa mwaka haumo. Wengi hukosea hapa, tena kwa nia njema: mtu anawaza ile safari kubwa ya Desemba, ananunua springi ya kilo 400, halafu miezi kumi na moja anaendesha gari tupu linalorukaruka kama mpira.

Mrukoruko huo una sababu yake. Gari lililokaa juu ya springi hupanda na kushuka kwa mwendo wake lenyewe, kama bembea, na kasi ya bembea hiyo inategemea springi imeminywa kiasi gani gari likiwa limesimama. Ikiwa imeminywa milimita 200, gari hupanda na kushuka kama mara 1.1 kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu unauona ni wa upole. Milimita 160, inakuwa mara 1.25. Ukifunga springi ya kilo 4 kwa milimita kwenye gari tupu lile la kilo 400, itaminywa 100 tu, na bembea inafika karibu mara 1.6 kwa sekunde. Hapo kila tuta linakufikia mgongoni. Sasa rudi kwa gari la pili: springi mpya, ngumu kuliko ya kiwandani, imeminywa milimita 200 zilezile za gari tupu la kiwandani. Mwendo wake hauna tofauti. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "springi hizi ni ngumu sana", muulize kwanza kaziwekea kilo ngapi.

Kanuni kwamba springi huminyika sawia na uzito ni ya zamani. Robert Hooke, Mwingereza, aliieleza kitabuni mwaka 1678. Kisichoonekana kwa macho ni chanzo cha ugumu wenyewe. Ukishika koili mbili mkononi, moja ya waya wa milimita 14 na nyingine wa milimita 15, utaapa ni kitu kimoja. Lakini ugumu hufuata unene wa waya kwa nguvu ya nne, yaani unene unajizidisha wenyewe mara nne. Milimita hiyo moja, mambo mengine yakibaki vilevile, huongeza ugumu kwa asilimia 32. Upana wa koili nao una sauti, na idadi ya mizunguko vilevile: kadiri mizunguko inavyopungua, springi inakuwa ngumu. Wale wanaokata mzunguko ili gari lishuke hushangaa kuona limeshuka na kukakamaa kwa pamoja. Kwa sababu macho hayawezi kutenganisha springi hizi, Land Rover waliziwekea mistari ya rangi kiwandani, kila mchanganyiko wa rangi na ugumu wake. Ukinunua springi iliyotumika na rangi yote imebanduka, unanunua kwa imani.

Basi kuna njia mbili za kupandisha gari, na watu huzichanganya. Moja ni urefu: springi yenye ugumu uleule wa kiwandani lakini ndefu zaidi, au kipande cha mpira au chuma kinachowekwa juu ya springi ya zamani. Gari linapanda, ulaini unabaki, na ukilipakia linabonyea kama lilivyokuwa likibonyea. Nyingine ni ugumu, ambayo hupandisha na kupunguza kubonyea. Gari lisilobeba kitu na linalotaka tu nafasi ya tairi kubwa linahitaji ya kwanza. Gari la kazi linahitaji ya pili, au mchanganyiko. Kuna pia koili zenye mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Iliyobanana hugusana mapema mzigo unapoongezeka, mizunguko inayofanya kazi inapungua, na springi inakuwa ngumu yenyewe. Kwa gari ambalo leo tupu kesho limejaa, mimi ningeanzia hapo.

Springi za majani, zile bamba za chuma zilizopangana, zina tabia hizohizo, ila kwao unene wa jani huhesabiwa kwa nguvu ya tatu. Jani la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 6 kwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kuongeza jani moja nene "la msaada" hubadilisha gari kuliko mtu alivyotarajia.

Kabla ya kununua chochote, lipeleke gari kwenye mizani ya magari. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, gari likiwa na vitu vyake vya kila siku na mafuta tele. Dizeli ina kama kilo 0.84 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 90 pekee ni karibu kilo 76. Kukisia kwa kujumlisha uzito wa vifaa hakutoshi, kwa sababu mahali kitu kilipo kina maana kama uzito wake. Mfano: trela inakandamiza ndoano ya nyuma kwa kilo 150. Ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.8. Ekseli ya nyuma haipati kilo 150. Inapata 214, kwa sababu ndoano inafanya kazi kama mtaimbo. Zile 64 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yaleyale yanayokuongozea gari. Winchi iliyoning'inia mbele ya bampa hufanya hivyohivyo kwa upande wa pili.

Na springi ngumu haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Breki, ekseli, fremu na rimu ni zilezile. Gari lililojaa kupita kiasi likisimama wima vizuri huwa hatari zaidi, maana halikuonyeshi tena kwamba limezidiwa.

Sasa kwenye mambo ambayo kuinua hakufanyi. Kwenye ekseli ya kipande kimoja, springi haipandishi difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hata milimita moja. Difu linakaa juu ya tairi, si juu ya springi. Unachopandisha ni bodi na fremu: gari linapata pembe nzuri ya kupanda ukingo na tumbo lisiloparamia kilele cha tuta, na tairi kubwa linapata mahali pa kuzungukia. Hilo tairi ndilo litakalolipandisha difu. Nimeona mtu kaweka sentimita 10 za springi, kaacha tairi za kiwandani, na difu bado linalima katikati ya barabara.

Kwenye mbele huru, ambapo kila gurudumu lina wishiboni zake (mikono ya chuma inayolishika), springi imekaa ndani kuliko gurudumu. Kipande cha milimita 25 juu yake kinaweza kumpa gurudumu karibu 50. Aliyezoea hesabu ya ekseli ya kipande kimoja hujikuta amezidisha maradufu, na mashafti ya mbele yamelala kwa pembe kali inayokula jointi zake. Kwa magari mengi ya aina hiyo, sentimita 5 kwenye gurudumu ndipo watu wenye busara husimama. Yale yenye fimbo za kujinyonga badala ya koili hupandishwa kwa kukaza boliti, na hapo ugumu haubadiliki kabisa. Unachofanya ni kuhamisha safari ya gurudumu: unapata nafasi juu, unaipoteza chini.

Nafasi ya chini hiyo ndiyo hudharauliwa. Lile gari la kwanza springi yake imesimama kwenye milimita 340. Kama shokapu za kiwandani zinafika mwisho springi ikiwa na 350, gurudumu limebakiwa na milimita 10 tu za kushuka. Kila shimo litajibu kwa "kok" ya shokapu iliyofika mwisho, na kwenye mtaro gurudumu litaning'inia hewani. Shokapu ndefu zinatibu hilo, ila zikizidi urefu, springi yenyewe inaweza kuchomoka kitako gurudumu likishuka. Springi na shokapu huchaguliwa pamoja.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyokaguliwa fundi akiwa bado chini ya gari. Mipira ya breki isivutike gurudumu likining'inia. Kwenye ekseli ya mbele ya koili, kuinua huizungusha ekseli kidogo, na usukani unakuwa mwepesi mno usiojirudisha katikati. Bushi (vikombe vya mpira vya kwenye maungio) za kusahihisha hilo zipo. Baadhi ya magari yana vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa fimbo iliyoungwa kwenye ekseli: ekseli ikiwa mbali na bodi, vali inaamini gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo hiyo, vali inaweza kuendelea kuamini hivyo hata ukiwa umepakia mzigo.

Jambo la mwisho kwa fundi ni kukaza boliti za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa bado juu ya jeki, mpira wa ndani unajinyonga mara gari linapotua na kukaa umejinyonga siku zote, hadi uchanike.

Upimaji wa kimo nao ufanywe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, siyo kutoka chini, maana upepo wa tairi ungekudanganya. Andika namba nne kabla na nne baada, gari likiwa mahali tambarare. Upande wa dereva na tangi mara nyingi huwa chini kidogo, na watengenezaji wengine hutoa springi za kushoto na kulia zenye urefu tofauti kwa sababu hiyo. Zikiwa na alama, zifuate. Kisha pima tena baada ya kilomita mia chache, kwa sababu springi mpya hulala kidogo kabla ya kutulia.