Nyuma panagonga? Weka kwanza hizo shuu mpya chini

Gari linafikishwa gereji, iwe Mtwara mjini au Lindi, na hukumu imeshatolewa kabla tairi halijafunguliwa: "Fundi, nyuma panagonga, shuu zimeisha, mpya hizi hapa." Shuu, yaani zile tao za breki zinazosugua ndani ya dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na tairi), zinafungwa, gari linatoka, na kwenye tuta la kwanza ko! ko! iko palepale. Hapo lawama zinamwendea muuza spea kwamba ameuza feki.

Dhana: kugonga nyuma ni dalili kwamba breki shuu zimeisha

Shuu iliyoisha haigongi, inakwaruza. Lainingi, ule utando wa kusugua uliobandikwa juu ya shuu, ikilika mpaka chuma kikakutana na dramu, utasikia mkwaruzo mrefu usiokatika kila ukikanyaga breki. Mlio wa kugonga unatokana na kitu chenye pleyi, yaani nafasi ya kuchezacheza: kinasogea, kinafika mwisho wa nafasi yake, kinapiga. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kipi kimelegea, na jibu lake halimo kwenye pakiti ya shuu.

Anza barabarani. Tafuta sehemu tambarare isiyo na magari, nenda kilomita 20 kwa saa, bonyeza kitufe cha handibreki na ukishikilie hivyohivyo, kisha vuta polepole. Handibreki ya magari mengi madogo hushika nyuma peke yake. Ikigonga hapo, na mlio ukifuata mzunguko wa tairi, tatizo lipo ndani ya dramu. Ikiwa handibreki iko kimya lakini breki ya mguu inagonga, kagua bushi za ekseli ya nyuma, kisha breki na bushi za mbele. Ikigonga kwenye mashimo tu bila breki kuguswa, anza na shokapu na bushi zake. Na kama ni "ko" moja tu ukibadili kutoka rivasi kwenda mbele, hiyo ni shuu kukaa upande wa pili wa nafasi yake. Ikiwa ndogo, iache.

Sasa fungua dramu. Kwa gari linalolala karibu na bahari, Shangani au Mikindani, dramu huwa imeganda kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa kutu ya chumvi. Usiipige nyundo ukingoni, itapasuka. Dramu nyingi za Toyota ndogo zina matundu mawili yenye uzi: ingiza bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, uzikaze nusu mzunguko kila moja kwa zamu. Handibreki iwe imeachiwa. Itatoka yenyewe.

Ndani humo tazama vitu vitatu. Kwanza springi ndogo zinazoibana kila shuu kwenye bekipleti, lile bati la nyuma lisilozunguka, na pini zake. Chumvi hula pini pale kichwa kinapokaa nyuma ya bati, na ikikatika shuu inaning'inia na kugonga dramu. Pili, zile sehemu sita zilizoinuka kwenye bekipleti, tatu kwa kila shuu, ambazo ukingo wa shuu huteleza juu yake. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, mgongaji umempata: shuu hutumbukia humo, ukikanyaga breki inachomoka kwa kishindo. Mfereji mdogo hujazwa kwa kuchomelea na kupigwa tupa mpaka uwe sawa. Ukiwa umetoboka, badilisha bekipleti.

Tatu ni dramu iliyotoka kuchongwa, na hapa ndipo wengi hupotea. Ncha ya leti, mashine ya kuchongea chuma, ikipitishwa haraka huacha mstari unaozunguka kama uzi wa skrubu. Shuu hufuata uzi huo, ikavutwa kuelekea nje, halafu springi ikaishinda na kuirudisha kwenye bati: ko! Dramu inang'aa kama sufuria mpya, shuu ni mpya, na kelele imeanza siku hiyohiyo. Dawa ni msasa namba 80, upigwe kukatisha mistari hiyo mpaka isionekane, au irudi kwenye leti ichongwe taratibu. Kabla ya kuchonga soma kipenyo cha mwisho kilichoandikwa kwenye dramu. Kwa magari madogo kawaida ni milimita 1 tu zaidi ya kile cha asili.

Ukifunga, paka grisi ya breki, ile inayohimili joto, kwenye sehemu zile sita na uzi wa ajasta, ile skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu. Iwe nyembamba kama mafuta ya midomo. Grisi ya beringi inayeyuka na kuishia kwenye lainingi. Fungua upande mmoja kwanza na uuache mwingine uwe mfano, maana ajasta za kushoto na kulia nyuzi zake hupishana. Ukizibadilishana upande, badala ya kukaza zinalegeza. Kwa gari la pwani, kazi hii ya kusafisha na kupaka grisi ifanywe kila miezi sita, hata kama liko kimya.

Dhana: mimina dizeli au oili kidogo, kelele itaisha

Itaisha pamoja na breki. Lainingi ikishanyonya mafuta haioshwi, inatupwa.

Dhana: kaza kebo ya handibreki

Kebo iliyokazwa kupita kiasi huziacha shuu zimevutwa muda wote, na ajasta haifanyi kazi yake. Rekebisha shuu kwanza, kebo iwe ya mwisho.

Dhana: breki za nyuma hazina kazi, ziba paipu

Wili silinda, ile inayosukuma shuu ukikanyaga breki, inavuja, basi paipu inakunjwa na safari inaendelea. Ni kweli mbele ndiko hubeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini shuka kutoka Newala kuelekea Masasi na gari limejaa abiria: breki za mbele zinabeba zote, zinapata moto, na pedali inaanza kuzama. Usiendeshe gari lililozibwa paipu, hata kwenda sokoni. Badilisha wili silinda, toa hewa, kaza nati za tairi kwa mpangilio wa nyota, kwa Toyota ndogo nyingi nyutoni-mita 103, na uzirudie baada ya kilomita 50. Nati iliyolegea nayo inagonga, na ndiyo ya kukaguliwa kabla ya kufungua chochote.