Tone Dogo, Utando Sawa: Kupaka Kioo kwa Mtikisiko wa Altrasoniki

Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Kwenye paneli ya sola, mwanga huo ni umeme uliopotea kabla haujazalishwa. Utando wa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) yenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, unene wa nanomita 100 hivi, hupunguza sana hasara hiyo, mradi uwe sawasawa kila mahali. Hapo ndipo penye kazi.

Bunduki ya kawaida ya kupulizia rangi hutumia hewa iliyogandamizwa. Matone hutoka kwa kasi, makubwa kwa madogo, na mengi hugonga kioo yakaruka pembeni. Nozeli (mdomo wa kupulizia) ya altrasoniki haikisukumi kimiminika, hukitikisa. Ndani yake mna seramiki inayotanuka na kusinyaa ikipitishiwa umeme, nayo huitikisa ncha ya titani kwa masafa ya kati ya kilohezi 20 na 120 (kilohezi moja ni mitikisiko elfu moja kwa sekunde), ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Kimiminika chenye chembe za silika kikifika kwenye ncha hutandaa, hufanya viwimbi, na vilele vya viwimbi hivyo hukatika vikawa matone. Mwaka 1962 mtafiti Robert Lang alionyesha kwamba kipenyo cha tone ni kama theluthi moja ya urefu wa kiwimbi. Kwa hiyo anayetaka tone dogo haongezi presha, anachagua nozeli ya masafa ya juu zaidi, ambayo viwimbi vyake ni vifupi. Kwa maji, kilohezi 48 hutoa matone ya mikromita 38 hivi. Kilohezi 120 hutoa ya karibu 18.

Wanaoanza huhangaika na nozeli wakati kosa liko kwenye kioo. Alama moja ya kidole hutosha kuacha doa. Kimwagie maji safi kwanza: yakitandaa kote, endelea, yakijikusanya vishanga, rudi ukakioshe.

Halafu kuna kukauka. Tone likikauka hewani, linatua likiwa vumbi. Likichelewa mno juu ya kioo, chembe husogea ukingoni na kuacha pete. Joto la kioo, umbali wa nozeli na aina ya kiyeyusho (kimiminika kinachobeba chembe) hurekebishwa pamoja, kwa majaribio mengi na subira.

Nasisitiza jambo moja la usalama: ukungu huu laini huweza kuvutwa kwa pumzi, na viyeyusho kama alkoholi hushika moto upesi. Kazi ifanyike ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza hewa, mbali na cheche, na feni iendelee kuzunguka hadi ukungu wa mwisho utoke.