Kabla ya kuwasha kamera: kuunganisha darasa la Dar es Salaam na darasa la Ufaransa

Walimu wa lugha wanaotaka kuunganisha darasa lao na darasa la nchi nyingine huniuliza kwanza watumie programu gani ya video. Mimi nafundisha Kifaransa Dar es Salaam, na wanafunzi wangu hufanya mradi wa muhula mmoja pamoja na wanafunzi wanaojifunza Kiswahili huko Ufaransa. Kwetu video huja mwishoni. Vijana wawili wasiofahamiana ukiwaweka mbele ya kamera mikono mitupu, wataulizana majina, masomo, hali ya hewa na mpira, kisha kimya. Wataagana kwa tabasamu, na kila mmoja atabaki na picha ileile aliyokuwa nayo kuhusu nchi ya mwenzake.

Kinachozaa mazungumzo ni maandishi ya pande mbili yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Njia hii ina wenyewe. Mwaka 1997 mwalimu wa Kifaransa Gilberte Furstenberg na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walianzisha mradi uitwao Cultura, uliokutanisha Wamarekani wanaojifunza Kifaransa na Wafaransa wanaojifunza Kiingereza. Wote walijaza dodoso moja, kila upande kwa lugha yake: neno hili linakukumbusha nini, malizia sentensi hii, ungefanya nini mtu akikupita kwenye foleni. Majibu yakawekwa safu mbili, wanafunzi wakayasoma, maswali yakaanza.

Hapo kwenye "kila upande kwa lugha yake" ndipo walimu wengi hushtuka. Sasa lugha watajifunza saa ngapi? Wanajifunza kwa kusoma. Mwanafunzi wangu anakutana na Kifaransa cha vijana wa rika lake, chenye vifupisho, hasira na mizaha ambayo kitabu cha darasani hakina, na mwenzake anapata Kiswahili ambacho hakuna aliyemrahisishia. Kuna na suala la usawa, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mtu anayeandika kwa lugha anayojifunza huandika anachokiweza. Akiandika kwa lugha yake huandika anachokifikiri. Wakati wa kuzungumza kwa sauti ndipo tunagawana muda, nusu Kifaransa, nusu Kiswahili, bila kuchanganya. Huo ni utaratibu wa Teletandem, mpango ulioanzia chuo cha UNESP, Brazil, mwaka 2006.

Nichukue swali moja niwaonyeshe linavyokwenda: "Umepita kwa rafiki yako bila kumpigia simu, ukawakuta wote mezani wanakula. Unafanya nini?" Safu ya Dar es Salaam hujaa haraka. Nanawa, nakaa. Nasema mama mkwe ananipenda. Nakula hata kama nimeshiba, angalau tonge moja, nisije nikaonekana nadharau. Safu ya pili inasema naomba radhi, narudi baadaye, nasubiri sebuleni, siwezi kwenda kwa mtu saa ya kula bila taarifa.

Wanafunzi wangu wakiona safu ile, hukumu hutoka palepale: wachoyo. Na upande wa pili nao wana yao: hawa hawaheshimu muda wa mtu. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika, na kazi yake si kuwatetea Wafaransa wala kutoa mhadhara wa utamaduni. Nawaambia tu waigeuze hukumu iwe swali ambalo mwenzao anaweza kulijibu. "Kwa nini ninyi ni wachoyo" halina jibu. "Ingekuwa ni kaka yako ndiye amepita, je?" lina jibu, na jibu huleta mambo. Wenzao hueleza kwamba nyama imenunuliwa kwa hesabu ya watu waliopo, kipande kwa kila mmoja, na kwamba mgeni aliyealikwa huweza kukaa mezani tangu jioni hadi usiku wa manane bila mtu kutazama saa. Kisha huuliza la kwao: na ikiwa ni tarehe 28, mshahara haujatoka, bado unamkaribisha? Darasa langu hapo hugawanyika. Anayeishi hosteli na kupika kikombe kimoja cha mchele hajibu sawa na anayeishi kwa wazazi Tanga. Hilo ndilo ninalolitafuta muhula mzima: mwanafunzi agundue kwamba hata safu ya kwao haina sauti moja, na kwamba hana haki ya kusema "sisi Watanzania" kabla ya kumuuliza aliyekaa jirani yake.

Baada ya wiki kadhaa za hayo, video huenda yenyewe. Nawapanga watatu watatu, wawili wa upande mmoja na mmoja wa upande mwingine, kwa sababu jozi huvunjika mmoja akiumwa. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40, na dakika hizo zinatosha.

Yaliyobaki ni ya ratiba, lakini ratiba ndiyo inayoua miradi mingi. Likizo na mitihani ya pande mbili ukiitoa, hubaki kama wiki 6 za kufanya kazi pamoja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ufaransa hurudisha saa nyuma, na tofauti yetu hutoka saa 1 kuwa saa 2. Halafu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili akisoma "saa 10" anafika saa 4 asubuhi. Kwa hiyo kila kikao huandikwa mara mbili: saa 10 jioni Dar es Salaam, 14:00 Paris.

Bando nalo ni suala la haki. Usipange kazi inayodai video kila wiki wakati nusu ya darasa lako linanunua intaneti ya siku moja moja. Maandishi na ujumbe wa sauti hubeba mengi kwa gharama ndogo, na kikao cha video kifanyike chuoni penye Wi-Fi. Picha za wanafunzi zisipakiwe popote bila ridhaa yao ya maandishi. Ulaya ina kanuni zake tangu 2018, na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kubalianeni mapema pia mtatumia jukwaa gani, maana WhatsApp iliyo rahisi huku inaweza isiruhusiwe kule.

Mwaka 2006 watafiti Robert O'Dowd na Markus Ritter walichambua sababu za mawasiliano ya aina hii kukwama. Waliziona katika ngazi nne: mwanafunzi mwenyewe, darasa, taasisi na jamii inayolizunguka, na mawasiliano yenyewe. Ninaloliona mara nyingi zaidi ni la darasa: upande mmoja mradi una alama, upande wa pili ni wa kujitolea. Wiki ya tatu wa kujitolea hawapo, na waliobaki wanadhani wamedharauliwa. Ndiyo maana katika barua ya kwanza kwa mwalimu mwenza, kabla ya dodoso na kabla ya tarehe, namuuliza: kwenye kozi yako, kazi hii ina alama ngapi?