Kabla ya kusikia atomi moja, nyamazisha tofali

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinisimamisha kwenye baraza: "Prof, umesema nusumaisha ya bismuthi-209 ni miaka 20 yenye sifuri 18 nyuma yake. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Sasa aliyeiona ikivunjika alingojea wapi?"

Hakungoja, alihesabu. Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomi za aina fulani huwa zimevunjika, na 209 ni idadi ya chembe zilizomo ndani ya kiini cha bismuthi hiyo. Kiini cha atomi hakizeeki. Kilichokuwepo tangu kabla ya jua na kilichozaliwa jana vina bahati ileile ya kuvunjika sekunde ijayo. Bahati ni ndogo mno, lakini viini ni vingi mno pia. Chukua kilo moja tu ya bismuthi, piga hesabu: inatoa mivunjiko kama 270 kila siku. Hiyo ni zaidi ya kumi kwa saa!

Basi kwa nini hadi mwaka 2003 vitabu viliandika kwamba bismuthi-209 haivunjiki kabisa? Kwa sababu kila kitu kinachoizunguka kinapiga kelele kuishinda.

Sisi wa Katanga tukisikia neno unururifu, yaani mionzi ya viini vinavyovunjika, akili inakimbilia Shinkolobwe, mgodi wetu wa zamani wa urani. Huna haja ya kwenda huko. Katika chumba tunachofanyia vipimo, hapa Lubumbashi, tuna kitambuzi kimoja cha gerimani, kizee, kinachotaka kupoezwa kwa nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Nitrojeni ikichelewa au kurani (umeme) ikikatika, tunakaa tunapiga soga. Mwaka jana, siku moja ambayo vyote viwili vilikuwepo, kijana huyohuyo wa swali alikiacha kipime usiku kucha bila sampuli yoyote, ndani ya kasha la risasi (ile metali, si ya bunduki). Asubuhi akaja amenishikia karatasi, macho yanang'aa. Kwenye mchoro wa nishati za mionzi kulikuwa na vilele viwili vya wazi, kimoja kwenye keV 1,461 (keV ni kipimo cha nishati), kingine kwenye 609.

Cha kwanza ni potasi-40. Iko kwenye udongo, kwa hiyo iko kwenye tofali za ukuta, na iko kwenye mwili wa kijana mwenyewe. Cha pili kilitupa kazi ya wiki nzima, kwa sababu kilikuwa kinapanda usiku na kushuka mchana. Tulikagua nyaya, tukabadilisha umeme, nikaanza kuilaumu mashine. Mwishowe mama anayefagia ndiye aliyetufumbua macho bila kujua. Akifika asubuhi hufungua madirisha, na saa hizohizo kilele kinaanza kushuka. Usiku tunayafunga kwa kuogopa wezi, na radoni, gesi inayozaliwa na urani ya ardhini, inapenya sakafuni na kujikusanya humo. Kilele cha 609 ni cha bismuthi-214, kitukuu cha radoni. Ndiyo, bismuthi, lakini huyu nusumaisha yake haifiki dakika 20, na kwa makelele yake ndugu yake mpole hasikiki.

Ndiyo maana wanafizikia Wafaransa wa Orsay, waliomkamata huyo mpole, hawakutumia kitambuzi kama chetu. Waliiweka bismuthi ndani ya kitambuzi chenyewe, yaani fuwele ya bismuthi, gerimani na oksijeni iliyopoezwa karibu na sifuri halisi. Kiini kikivunjika, fuwele inapata joto kidogo na inatoa mwanga kidogo. Ukilinganisha joto na mwanga, unatenganisha chembe ya alfa, kile kipande ambacho kiini cha bismuthi hukitupa kikivunjika, na takataka nyingine. Katika siku tano walihesabu 128. Fanya ile hesabu ya juu kwa bismuthi kidogo waliyokuwa nayo, kama gramu 90 hivi, utaona inakubali.

Wengine wanakimbilia chini ya milima. Gran Sasso, Italia, kuna maabara yenye mwamba wa mita 1,400 juu yake ili kupunguza chembe zinazoshuka kutoka angani. Lakini mwamba nao una urani, kwa hiyo unahitaji risasi, na risasi mpya ina risasi-210 yenye nusumaisha ya miaka 22. Dawa yake ni kutafuta risasi iliyokwisha kutulia. Jaribio la CUORE limejikinga kwa risasi ya Warumi iliyotolewa kwenye meli iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 iliyopita. Hii hadithi nikiisimulia darasani hakuna anayesinzia.

Humohumo Gran Sasso, jaribio la GERDA lilitumbukiza vitambuzi vya gerimani kwenye argoni iliyogeuzwa kimiminika, kungojea gerimani-76 itoe elektroni mbili bila neutrino, ile chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Kama ingeonekana hata mara chache, tungejua neutrino na chembe kinyume yake (antineutrino) ni kitu kimoja. Mwaka 2020 walifunga hesabu bila kuiona, wakasema nusumaisha inazidi miaka 18 yenye sifuri 25 nyuma yake. Watu wa nje huona huko ni kushindwa. Mimi sifuri safi namna hiyo naionea wivu. Na gerimani, kwa asiyejua, imo kwenye kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba tunachopita kila siku kando ya bomba la moshi.

Ila ninayempenda zaidi ni tantali-180, ambayo imo kwenye koltani, ile ya Rubaya na kwingine Kivu. Atomi moja hivi katika 10,000 ya tantali ni ya aina hii, na imekwama katika hali yenye nishati ya ziada, keV 77 tu. Ikishuka kwenye hali yake ya chini, nusumaisha yake ni saa nane tu. Lakini haishuki, maana kiini kingelazimika kupoteza mzunguko mwingi mno kwa nishati ndogo hiyo. Huko Dakota Kusini, Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, kilo 17 za tantali ziliwekwa katikati ya vitambuzi vya gerimani karibu mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2023, hakuna hata atomi moja iliyoonekana ikishuka.

Kijana sasa anataka tujaribu ya kwetu, kwa vipande vya tantali vya simu mbovu. Nimemkubalia kwa sharti apime kwanza chumba kitupu, madirisha wazi na yeye mwenyewe nje. Jana kilele cha 609 kilishuka. Cha 1,461 kimebaki palepale, na kuta za tofali ziko nne.