Sumukuvu tunayoila kidogo kidogo

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Msiba ule uliwafanya wengi waamini kwamba sumu hii huua kwa siku chache, macho yakiwa ya manjano na tumbo limevimba, na kwamba asiyeugua hivyo amesalimika. Kwa mimi ninayeshughulika na usalama wa chakula hapa Dodoma, hofu kubwa zaidi ni kile kiasi kidogo kinachoingia mwilini kila siku, miaka nenda miaka rudi, pasipo dalili yoyote.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo hushambulia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa mvua zinapokatika mapema, jambo ambalo mkulima wa Chemba au Kongwa analifahamu vizuri. Sumu ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya mwili, katika kujaribu kuiondoa, huigeuza kuwa kemikali kali inayonata kwenye vinasaba na kuviharibu. Seli hurekebisha sehemu ya uharibifu huo, lakini kosa linalobaki laweza kuwa saratani ya ini miaka mingi baadaye. Kwa mwenye maambukizi ya homa ya ini B, uwezo wa sumu hiyohiyo kuleta saratani huwa mkubwa takriban mara 30. Ndiyo maana nawasihi waliozaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao kinga dhidi ya homa hiyo ya ini iliingizwa katika chanjo za watoto nchini, wakapime.

Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, ingawa pumba zikilishwa ng'ombe, sehemu yake huturudia katika maziwa. Sisemi watu waache dona, lenye lishe bora. Nasema mahindi yachambuliwe kwa makini kabla ya kupelekwa mashineni.

Kinachoniumiza zaidi ni karanga. Zilizosinyaa na kubadilika rangi, ambazo hutengwa ili zilizo nzuri ziuzwe, hazitupwi, bali husagwa na kutiwa katika uji wa mtoto, na mama anayetaka kwa moyo wote mwanawe apate nguvu. Zikishasagwa, hakuna jicho linaloweza kuzitambua. Ukitengeneza unga wa lishe, anza na karanga nzima ulizozichagua mwenyewe, na zile mbovu uzifukie, wala usiwape kuku.