Majumba ya Michenzani: yanosemwa na yalivyokuwa

Kila ikikaribia Januari 12, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, picha za majumba ya Michenzani, yale mafleti marefu ya mjini Unguja, huanza kuzunguka kwenye magrupu, na chini yake maneno ni yale yale: Wajerumani walitujengea, zamani palikuwa na vibanda tu, na kabla ya Mapinduzi hakuna aliyewafikiria watu wa Ng'ambo, upande wa mji ilipo Michenzani. Yote matatu yana kasoro.

Tuanze na hili la Wajerumani maana ndo sugu kuliko yote. Watu wanachanganya mitaa. Wajerumani Mashariki walijenga Kikwajuni na Kilimani miaka ya 60, ilikuwa ni fadhila kwa Zanzibar kuitambua serikali yao mwanzoni mwa 1964 wakati nchi nyingi zilikuwa zinaogopa kuiudhi Ujerumani Magharibi (na Muungano ulipokuja Aprili mwaka huo huo, jambo hilo liliwapa wakubwa wa Dar kazi kwelikweli). Halafu mwaka 1968 mtaalamu wao, Hubert Scholz, akachora plani ya mji mzima. Sasa Michenzani yenyewe ilianza karibu na 1970, na aliyeisimamia ni Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, waliojenga ni mafundi wa hapa hapa na wananchi waliokwenda saiti kujitolea, kubeba mawe, kubeba mchanga. Kujitolea kwa enzi zile lakini usidhani kila mtu alikuwa anaulizwa kama ana nafasi. Sura ya Kijerumani ipo, hakatai mtu, fleti juu ya fleti na jumba moja linakwenda karibu mita 300, ila jasho ni la Waunguja, kwa hiyo ukisema tuliletewa zawadi unawafuta watu ambao wengine bado wahai.

Tena wapo wanaosema Karume aliyamaliza yote. Aliuawa Aprili 7, 1972, kazi ikaendelea chini ya Aboud Jumbe, rais aliyemfuata.

Haya, "vibanda tu". Hapa mie ndo hukasirika. Ng'ambo ilikuwa mji kamili, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliokuwa ukiingia pale Darajani kabla haujafukiwa. Walikaa humo watu waliotoka utumwani na watoto wao, walokuja kutoka bara, Wangazija, Wahindi na Waarabu wasio na uwezo, wote mtaa mmoja. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, ndiyo, baadae mabati, lakini zina baraza mbele, zina ua nyuma, zina msikiti jirani na duka la pembeni. Maji na vyoo vilikuwa tabu, hilo kweli. Ila tabu kubwa ilikuwa ardhi. Mtu anajenga nyumba yake mwenyewe lakini kiwanja si chake, analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na 1928 watu wa Ng'ambo walichoka wakagoma kulipa. Ukiijua hiyo ndo utafahamu kwa nini serikali iliweza kupasua zile barabara mbili pana za Michenzani zikakutana pale raundabauti kama zimechorwa kwa rula: 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, basi hapakuwa tena na mwenye kiwanja wa kusema hapana. Aliyekuwa na nyumba ikavunjwa alipewa fleti, hakulipishwa. Kwa walozoea kulipa kodi hiyo haikuwa kitu kidogo jamani. Lakini baraza ikapotea, ua ukapotea, na majumba hayana lifti, bibi wa ghorofa ya juu maji yakikatika dumu linapanda kwa ngazi.

Na lile la kwamba Mwingereza hakufanya kitu? Alifanya, kidogo na kwa namna yake. Mwaka 1923 kuna kitabu cha mipango ya mji kilichoandikwa na Lanchester, na miaka ya 40 Eric Dutton, aliyekuwa katibu mkuu wa serikali, akataka Ng'ambo ijengwe upya, ndo likapatikana lile jengo la Raha Leo na ukumbi wake. Walitaka watu wapate pahala pa starehe za kistaarabu, huku suala la kodi ya ardhi limekaa pale pale. Cha ajabu, redio ikaja kukaa hapo hapo Raha Leo, na tarehe 12 Januari 1964 sauti ya John Okello, aliyeongoza Mapinduzi, ikatangaza kutoka humo kwamba serikali imepinduliwa. Sijui Dutton alisemaje aliposikia.

La mwisho ni la ndugu zetu wanaodhani mafleti ni mambo ya mjini Unguja tu. Nenda Makunduchi. Pemba nenda Machomanne pale Chake, nenda Mtemani Wete, utayakuta yamesimama, kamba za nguo kwenye vibaraza vyote, na mikarafuu haiko mbali.