Je, wajua? Kuna mwani usioonekana kwa macho unaotoa nyuzi kama uti wa ngisi

Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, muangalie anayesafisha ngisi. Anachomoa kichwa, halafu anavuta kutoka mgongoni kitu chembamba kinachopitisha mwanga, kama kipande kilichokatwa kwenye chupa ya maji, na kukitupa. Nilipouliza ni plastiki gani hiyo, mama aliyekuwa akinisafishia alicheka: "Plastiki wapi, mwanangu! Huo ndio uti wake."

Uti huo umejengwa kwa kitini (si kile mnachogawiwa kwenye semina). Kitini kimo pia kwenye magamba ya kamba na kaa, kwenye mabawa ya mende, hata kwenye uyoga. Ni katika uyoga Mfaransa Henri Braconnot alikigundua mwaka 1811. Ni mnyororo mrefu wa sukari, na kila pingili yake imebeba naitrojeni.

Sasa, baharini na kwenye maziwa wamo diatomu, mwani wa seli moja ambao huonekana kwa hadubini tu. Kila mmoja anaishi ndani ya kijumba cha silika, yaani kioo, chenye vitundu. Diatomu wa jenasi za Thalassiosira na Cyclotella husukuma nyuzi za kitini kupitia vitundu maalumu, uzi ukiwa mrefu mara kadhaa kuliko seli yenyewe, mpaka wanafanana na shokishoki.

Kwa nini mwani ujitwike kazi hiyo? Mimi gharama yake ndiyo iliyonishangaza. Naitrojeni ni adimu katika maji mengi ya juu ya bahari, lakini maabara zimepima nyuzi hizo na kukuta zinaweza kufika takriban theluthi ya uzito mkavu wa diatomu.

Jibu lipo kwenye jua. Kioo ni kizito kuliko maji, na diatomu hana mapezi wala mkia. Akizama hadi gizani, hawezi tena kujitengenezea chakula. Nyuzi si boya, kwani nazo ni nzito kuliko maji. Kazi yake ni kukwama kwama katika maji ili kuzama kuwe kwa polepole. Mbegu ya msufi ikiwa na sufi yake hupepea mtaa mzima. Ivue sufi uone inavyoangukia shinani. Mwaka 1977 watafiti Walsby na Xypolyta waliziondoa nyuzi hizo, na diatomu waliobaki uchi wakazama haraka zaidi.

Kitini cha diatomu ni ndugu wa karibu wa kile cha ngisi, si cha kamba: minyororo yake yote inaelekea upande mmoja, wakati ya kamba inapishana. Tena ni safi. Gamba la kamba limechanganyika na protini na chokaa, na kulisafisha kiwandani kunataka asidi.

Mbona basi sakafu ya bahari haijajaa kitini? Bakteria wanakila. Mmoja wao ni Vibrio cholerae, huyuhuyu wa kipindupindu, anayependa kujishikiza kwenye magamba ya vijidudu vya majini. Ndiyo maana huko Bangladesh kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003: bakteria hupenya kitambaa, lakini kijidudu alichokipanda hakipenyi.